Kofia ya Nilsi na Matuta ya Mama Fransiska

Kila asubuhi Adela alifagia uwanja, akawasha moto, kisha akachukua ndoo. Maji yalikuwa mbali, chini bondeni. Ng'ombe nao walikunywa palepale, na ng'ombe hana adabu ya kunywa tu akaondoka. Mwezi ule mtoto wake, Fransiska, alikuwa ameharisha mara mbili.

Lakini tumaini lilikuwapo. Mabomba yalikuwa yameletwa kijijini, pamoja na kijana wa kujitolea, jina lake Nilsi. Alitoka Norwei, nchi yenye baridi kuliko hata Sumbawanga mwezi wa Juni. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanakijiji namna ya kuleta maji ya chemchemi hadi nyumbani.

Tatizo lilikuwa kofia.

Kila alipofika kwenye shamba la Adela, Nilsi aliivua. Alipita polepole, kichwa chini, midomo ikichezacheza. Akimaliza shamba, aliivaa tena. Liwake jua, inyeshe mvua, hakukosa hata siku moja.

"Anahesabu matuta yetu," alisema Zenon, mume wa Adela. "Nimemwona, anahesabu kwa kidole. Mtu mwema anahesabu matuta ya mwenzake kwa nini?"

"Labda anasali."

"Akasali kanisani! Tuta langu si altare."

Maneno yana miguu. Baada ya siku mbili kijiji kizima kilijua kwamba Nilsi analoga mashamba. Tena hasalimii watu! Wanaume wakaacha kuchimba mtaro wa mabomba. Mwenyekiti, Ndugu Flavian, akaitisha mkutano siku ya Ijumaa. Jumamosi lingekuja lori la Sumbawanga. Wengi walitaka Nilsi apande lori hilo, yeye na mabomba yake.

Adela aliitazama ndoo yake. Akamtazama Fransiska. Kisha akaenda kwa jirani yake, Klementina, mwalimu wa elimu ya watu wazima.

"Umemwuliza?" alisema Klementina.

"Nani?"

"Mwenye kofia."

"Nimwulize nini? Watu wameshasema."

"Watu! Nisikilize, Mama Fransiska. Nilipopanga chumba mjini, mtaa wa Mazwi, kwa Mama Mwanamvua, nilichemsha viazi nikawapelekea saa nne asubuhi. Nyumba nzima ilikataa. Nikalia. Nikasema, wananidharau mimi mtu wa shamba. Siku tatu sikuwasalimu. Kumbe ulikuwa mwezi wa Ramadhani, wamefunga! Ningeuliza siku ya kwanza, nisingepoteza machozi wala viazi. Mgeni hajui. Na mwenyeji hajui kwamba mgeni hajui. Kamwulize."

Asubuhi ya Ijumaa Adela alisimama shambani, jembe mkononi. Nilsi akafika. Kofia ikavuliwa.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mwanangu, mbona unavua kofia shambani kwangu?"

Macho ya Nilsi yakalengwa na machozi.

"Pole sana, mama. Watu wengi wamekufa. Mia mbili na kumi na tatu. Tena juzi tu, udongo bado mpya. Kwetu, mbele ya kaburi tunavua kofia. Nafikiri ni maji mabaya. Ndiyo maana nachimba haraka, sisimami kusalimu."

Adela akageuka kuyatazama matuta yake. Yalikuwa ya duara, yenye udongo mbichi, yameenea kilima kizima. Moyo ukamwuma. Kijana huyu alikuwa amekaa matanga peke yake wiki tatu! Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni. Akacheka mpaka akaketi juu ya tuta.

"Inuka, mama!" Nilsi alishtuka. "Heshima!"

"Heshima ya nyasi?" Adela alilipasua tuta kwa jembe. "Ingiza mkono."

Ndani mlikuwa na joto. Nyasi zilikuwa zinaoza.

"Mvua zikikaribia kwisha, tunazifunika nyasi kwa udongo," Adela alieleza. "Zinaoza, zinakuwa mbolea. Mvua nyingine zikija, tunalisambaza tuta na kupanda ulezi. Ndivyo tunavyolima huku Ufipa tangu mababu."

"Hakuna aliyekufa?"

"Panya mmoja. Na aliyemwua ni Zenon."

Mkutanoni Adela alisimama akasimulia yote. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Zenon hakucheka. Alikuwa akichunguza vidole vyake vya miguu.

Nilsi akasimama. "Samahani. Niliwapita bila salamu. Sikuuliza."

"Hata sisi hatukuuliza," alisema Ndugu Flavian. "Sisi tulimwona mchawi. Yeye alituona wafiwa. Haya, ndugu zangu, nani alimwazia mwenzake mema?"

Kesho yake lori liliondoka na magunia ya maharage tu, na mtaroni majembe yalikuwa mengi kuliko nafasi. Nilsi alimsalimu kila mtu, mmoja mmoja. Jioni Adela akamfundisha kutengeneza tuta. Likatoka limepinda kama mlevi.

Mwezi wa Juni bomba lilifunguliwa. Kilio cha tumbo cha Fransiska hakikusikika tena usiku, na ndoo ya Adela haikwenda bondeni.

Siku hiyo ya kufungua bomba, watu walipita shambani kwa Adela wakiimba. Zenon akasimama mbele ya lile tuta lililopinda. Akavua kofia yake.

"Baba Fransiska, nani tena amekufa?" aliuliza Adela.

"Minong'ono yangu," alisema Zenon. "Iache ioze. Mvua zikija, tutapanda ulezi."