Glovu Nyeupe za Odessa

Ndugu zangu wa mtaa huu wa Memphis, msininunie. Haya ninayosema yananihusu na mimi, maana siku ile nami nilipiga makofi.

Kila Jumapili asubuhi nyumba ya Lucius na Odessa Tolliver ilinukia samaki. Lucius, dereva mstaafu wa malori, alikaanga kambale kwa unga wa mahindi huku mkewe akipiga pasi glovu zake nyeupe. Odessa alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani miaka ishirini na sita: kukaribisha watu, kugawa mapepeo ya karatasi ya kujipepea joto, kumshika aliyezidiwa na kilio. Mtoto wao wa pekee, Terrell, alikaa kibarazani akipuliza tromboni, na majirani wakimtania kwamba hata kuku wameanza kuomba kuhama.

Jumatatu moja ya Oktoba gari likamgonga Terrell akivuka barabara kwenda kazini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili tu.

Siku ya mazishi tulimtafuta Odessa kwenye viti vya mbele, vya familia. Hayupo. Lucius alikuwa amekaa peke yake, na kiti kitupu ubavuni. Mama wa marehemu alisimama mlangoni na sare yake nyeupe, glovu mikononi, akitugawia mapepeo sisi tuliokuja kumlilia mwanawe. Chozi hata moja halikumtoka. Na sisi je? Tulimsifu. Mke wa mchungaji alimkumbatia mbele ya watu akasema, "Dada Odessa, wewe ni chuma. Bibi zetu walikuwa hivi hivi." Makofi yakalipuka. Mungu atusamehe, hatukujua tunamfanyia nini.

Nyumbani Odessa akaweka sheria: jina la mtoto lisitajwe. Tromboni aliisukuma uvunguni mwa kitanda. Lucius akaanza kunyong'onyea. Aliendelea kukaanga samaki, ila yeye mwenyewe alidonoa tu, na vidonge vya presha akawa anavisahau.

Basi, kwenye duka la zamani la kinyozi pale mtaani, Dakta Yaa Pettway, mwanasaikolojia aliyezaliwa mitaa hii hii, alikuwa akikutanisha wafiwa kila Jumamosi mchana. Wanakaa duara, kila mmoja na glasi ya maji. Mtu akiwa tayari, anamwagia maji mmea ulio katikati, anataja jina la mpendwa wake, na wote wanaitikia, "Ashe," neno la Kiyoruba, yaani na iwe hivyo. Kisha anaongea au analia, na hakuna anayemwambia ajikaze. Dakta alikuwa akieleza kwamba enzi za utumwa bibi zetu walificha machozi mashambani kwa sababu waliowamiliki hawakuwaruhusu kuomboleza. Kabla ya hapo, huko Afrika walikotoka, mfiwa hakuachwa na msiba wake peke yake. Sasa hakuna anayetukataza kulia, alisema, lakini bado tunaficha.

Lucius alikwenda Jumamosi nne. Kila akirudi alimsihi mkewe waende pamoja.

"Kumwagia maua maji na kuita wafu?" Odessa alimjibu. "Mimi nimebatizwa, Lucius. Na ya nyumba hii hayatoki nje."

"Hatuiti wafu, Dessa. Tunamtaja mtoto wetu tu."

"Nimeshasema."

Jumamosi ya tano Lucius hakwenda tena. Alisema amechoka. Jioni hiyo, wakiwa mezani, aliweka uma chini.

"Basi tuyaache ya kwa Dakta. Taja jina lake hapa hapa, mara moja. Tuko wawili tu."

Odessa alisikia jina limemfika kooni. Aliogopa. Aliona kwamba likitoka, litatoka na kile kilio alichokizuia tangu mlangoni kanisani, na hatajua kukinyamazisha. Akamsogezea mumewe sahani.

"Kula. Samaki anapoa."

Lucius akala. Siku ya tatu yake moyo wake ulisimama akiwa kibarazani. Odessa alimkuta kitini, tromboni ya mtoto imelazwa magotini. Hakujua hata ameitoa uvunguni saa ngapi.

Mazishi ya pili hakuvaa glovu. Alikaa mbele, akitazama sakafu, na Jumamosi iliyofuata alijikokota mwenyewe hadi kwa Dakta Yaa. Akapewa glasi. Kabla ya lolote aliuliza mumewe alikuwa akisema nini pale.

Dakta akainama mbele yake. "Hapa duarani hakusema kitu, mama. Jumamosi zote nne alishika glasi ikiwa imejaa, na akairudisha imejaa. Mimi aliniambia pembeni kwamba wewe ndiwe uliyempa mtoto jina, kwa hiyo hawezi kukutangulia. Alikuwa anakusubiri."

Odessa akainuka na glasi yake. Akainama juu ya mmea, akamimina maji.

"Terrell," akasema. "Terrell Lucius Tolliver."

"Ashe," wakaitikia wote.

Kilio kikaja, kilekile alichokiogopa, na wanawake wawili wakamshika kama alivyowashika wengine miaka yote ile. Kilikuja, kikapungua, naye akabaki mzima. Ndipo akageuka kutazama kiti cha ubavuni mwake, amwone aliyemwomba neno hilo moja tu. Kiti kilikuwa kitupu.

FUNZO

Ndugu zangu, kumsifu mfiwa kwa kutolia ni kumnyima ruhusa ya kulia. Walioficha machozi zamani walilazimishwa. Tusiwarithishe watoto wetu kifungo kile tukakiita heshima. Mkiona mama wa marehemu amesimama mlangoni anahudumia wageni, msipige makofi. Mvueni glovu, mkalisheni karibu na mumewe, mmtajie jina la mtoto wake. Na wewe unayeombwa kulitaja, litaje leo, aliyekuomba angali anasikia.