Mwalimu wa Kwaya Anayekaa Kitini

Mtu mwenye akili zake hapiti na tarumbeta la besi katikati ya soko la Talamahu Jumamosi asubuhi. Mji mzima wa Nuku'alofa, makao makuu ya visiwa vyao, huwa umo humo, ukigombania majani ya magimbi na nazi za mlo wa Jumapili, kwa kuwa kesho yake maduka yote hufungwa, hata kiberiti hupati pa kununua. Lakini Penisimani alikuwa na haraka, na haraka haina baraka. Aligeuka kumwitikia mtu, mdomo wa tarumbeta lililokuwa mgongoni ukakumba fungu la matikiti, na moja likabingirika hadi miguuni pa binti mmoja, likapasuka.

Binti alivaa gauni la zambarau lenye kola iliyopanda hadi shingoni, na kiunoni mkanda wa nyuzi zilizosukwa kwa mkono. Maji mekundu yalimrukia mpaka kwenye pindo.

"Samahani sana, dada yangu!"

"Dada yako tena?" Binti alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Ukishaniita dada, bwana, hatuwezi hata kutaniana. Bora uniite Losaline."

"Tanianeni mpaka kesho," alidakia mama mwenye matikiti, "ila hilo limeshanunuliwa!"

Penisimani alilipa, akalibeba na kapu la Losaline juu yake. Hapo ndipo alipoona maajabu. Kila meza Losaline alisimama. Aliuliza bei ya viazi vikuu, akauliza bei ya ndizi, akauliza bei ya mikeka, akaagana na muuzaji bila kununua kitu, akasogea meza ya pili.

"Unataka kununua soko zima?"

"Naangalia tu. Kwani una haraka?"

"Mimi? Wala," alisema mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa akikimbia.

Alfajiri hiyo aliambiwa kwamba kwaya ya kanisa lao imepata mwalimu mpya, na kwamba jioni atakayechelewa atakiona. Alichelewa. Alipoingia na tarumbeta lake alimkuta mwalimu huyo amekaa kitini mbele ya watu wote, mikono hewani, gauni jingine, kola ileile ndefu.

"Bwana Tikiti," alisema Losaline, "besi zako ziko kule nyuma."

Akina mama wa sauti ya pili walinong'onezana. Binti mdogo vile amekaa kama malkia, na sisi wenye magoti mabovu tumesimama! Anajisikia huyo. Losaline aliwasikia, akatabasamu, akasema, "Tuimbe. Lakini msipige kelele, Mungu si kiziwi." Wimbo ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kiti. Mama mmoja alikuwa akifuta machozi kwa pindo la mkeka wake wa kiunoni, ule ambao watu wa kwao hujifunga kanisani na msibani, na Penisimani, nyuma kabisa, alijua kwamba amekwisha.

Baada ya hapo simu zikawa hazipoi.

"Umeshakula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe umepiga besi leo kama mtu aliyekaliwa na nguruwe."

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Basi Jumapili angalia paa."

Losaline alicheka kicheko cha polepole, kilichokatika njiani na kuendelea. Penisimani alikipenda hata kile kituo chake. Walitembea ufukweni, kando ya barabara ya Vuna, taratibu, wakikaa kila walipoona ukuta wa kukalia. Siku moja Penisimani alitaka wakimbizane mpaka kwenye gati kwa mchezo. Losaline alikataa kwa ukali ambao hakuuelewa. Akajisemea, kila mtu ana yake.

Kisha ikaja Alhamisi mbaya. Penisimani alikuwa akipita na gari la mteja wa gereji yake mbele ya mgahawa wa chai jirani na bahari, akamwona Losaline amekaa na mwanamume mwenye shati la maua. Amefungua kifungo cha kola! Yule bwana ameinama kutazama, kisha wote wawili wakaangua kicheko, Losaline akampiga bega.

Kaka wa mtu hafanyi hivyo. Binamu hafanyi hivyo. Kwao kaka akimkuta dada yake mezani huondoka zake kwa heshima, sembuse kumchungulia kifuani. Kwa hiyo huyu si ndugu, na kama si ndugu, basi. Penisimani aliipiga hesabu hiyo mara moja tu, ikamtosha.

"Yule nani?" aliuliza kwenye simu.

"Anaitwa Kitione."

"Ni ndugu yako?"

"Si ndugu."

"Sawa. Nimepata jibu."

"Hujapata jibu, Peni. Umepata hasira."

Penisimani alikata simu. Hakwenda mazoezini wiki hiyo wala iliyofuata, na kwaya bila besi zake ikawa inayumba. Kule gereji alifungua boliti ambazo hazikuwa na tatizo, akazifunga tena.

Losaline hakuwa mtu wa kubembeleza simu isiyopokewa. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu. Penisimani alipotoka chini ya gari alimkuta mlangoni ameshika ukuta, jasho linamtoka, midomo imegeuka rangi. Alisahau hasira yote.

"Losa! Una nini?"

"Nipe pa kukaa. Kisha funga mdomo, usikilize."

Alikaa juu ya tairi. Alipopata pumzi alifungua vifungo vitatu vya kola. Kovu lilianzia chini ya koo, likashuka wima mpaka gauni lilipolificha.

"Nilizaliwa na tundu moyoni. Nilipasuliwa ng'ambo, Auckland, nikiwa mchanga. Mimi na Kitione tulilazwa chumba kimoja, vitanda vinagusana. Madaktari wa moyo walikuja huku wiki ile, tukaenda kupimwa wote. Huwa tunabishana kovu la nani limenyooka. Ndicho ulichokiona."

Penisimani alitamani ardhi immeze. "Ndiyo maana pale sokoni..."

"Viazi vikuu vilinipumzisha. Niliona bora nionekane bahili kuliko kuonewa huruma." Aliweka mkono kifuani. "Kilango kimoja cha moyo kimechoka. Mwezi ujao narudi kupasuliwa tena. Na kuzaa, daktari anasema, pengine isiwezekane kabisa. Lijue na hilo."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Nani amekudanganya kwamba mwenye imani haogopi? Mama aliponikabidhi kwa wale madaktari alilia mpaka wauguzi wakalia, lakini alikuwa analia huku anaimba. Nimelelewa na wimbo huo. Nikiamka, kabla sijafumbua macho, naweka mkono hapa. Unadunda. Nasema, Bwana, asante, leo tena. Wewe umewahi kushukuru kwa kuamka tu?"

Hakuwahi. Yeye hushukuru sahani ikiwa mbele yake. Alimtazama binti huyu aliyetembea mji mzima na moyo uliochoka ili asimwache na kinyongo, akaona kwamba hajapata kukutana na mtu mwenye nguvu kama huyu.

"Sikuja kukufunga, Peni. Nenda ukatafute mwenye moyo mzima."

Penisimani alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Nikuulize. Ukifia huko, mimi msibani nitavaa mkeka gani?"

"Peni!"

"Nijibu."

"Mdogo. Safi. Wa rafiki."

"Nitakaa wapi?"

"Nje, na wapiga tarumbeta."

"Umeona? Wenyewe wanakulilia ndani, mimi nagawiwa chai uani. Sitaki! Mimi nataka mkeka mkubwa, uliochakaa, uliochanikachanika, unaonifika kifuani, wa mwanamume aliyefiwa na mke. Mtu akiniona barabarani ajue nimepoteza nani. Kubali nikuoe, nikupe raha, Mungu akituachia mwaka mmoja, akituachia hamsini. Lakini rafiki wa nje sitakuwa."

Losaline alicheka mpaka akashika kifua. Penisimani akaruka kumshika, naye akamzuia kwa kiganja, machozi yanamtiririka.

"Wenzio wanaposa kwa pete. Wewe unaniposa kwa msiba!"

"Ndiyo au hapana?"

"Itabidi ukaseme na shangazi yangu Fusi, ndiye mwenye kauli nyumbani kwetu, na kwake neno msiba usilitaje."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba unanipenda, mjinga wewe." Alisimama, akajifunga kola, kisha akabadili nia, akaiacha wazi. Alimshika mkono wenye grisi na kuuweka pale pale juu ya kovu, ausikie moyo unavyodunda.

"Na huo mkeka wako uusahau," alisema. "Nitakuvalia mimi, nikiwa bibi kizee sina jino hata moja."