ALINIACHIA DISKI YA MAMA

Kompyuta haipo! Mume hayupo!

Nimesimama mlangoni mwa studio yangu na mkoba bado begani, simu ikalia. Ujumbe wake: "Usinitafute. Niko na Kipini."

Kipini, jamani! Mpambaji wa maharusi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yeye akipamba, mimi napiga video na kuhariri. Nguo ameazima kwangu, na mume naye kaazima...

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka.

Nikajisemea, mwanamume beba, kompyuta beba. Akiba yangu ninayo!

Maana kabatini nilikuwa na diski tatu za nje. Zamani kila moja ilijitegemea, na karatasi yake mgongoni: KAZI, HARUSI YETU, MAMA. Video zilipozidi kuwa nzito, nikaziunganisha zikawa ghala moja kubwa, kompyuta ikawa inajihifadhi humo yenyewe. Kila kitu kinakatwa vipande, kila diski inabeba vipande vyake. Zikiwa pamoja, raha mustarehe. Ikikosekana moja, zilizobaki ni matofali tu.

Karatasi sikuzibandua.

Nikafungua kabati... diski mbili! Ya KAZI haipo.

Nikakaa sakafuni.

Sikulilia harusi za wateja. Nilililia sauti ya mama yangu. Mama alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaenda moja kwa moja. Kabla ya siku ile nilikaa naye nikamrekodi: anacheka, ananigombeza, anamwimbia mwanangu akiwa bado tumboni. Hakuna rekodi nyingine duniani.

Nikampigia yule bwana. Ikaita, ikaita...

"Unataka nini?"

"Nirudishie kompyuta yangu."

"Nishaifuta, nishaiuza."

"Basi diski! Leta diski!"

"Ile ni jasho letu wote wawili. Kipini anafungua studio, anahitaji kazi za kuonyesha wateja."

"Haifunguki bila hizi mbili! Nimeziunganisha!"



"Kumbe ndiyo maana..."

"Ndiyo maana nini?"

"Nilipoichomeka ikaandika haisomeki. Ikauliza kama isafishwe. Nikabonyeza ndiyo."

Nyie!

"Usiiguse tena!" nikapiga kelele. "Iache hivyo hivyo, kuna mafundi wanaweza kurudisha!"

"Kipini keshajaza tamthilia zake humo. Imejaa mpaka juu."

Nililia kama niliyefiwa. Na yeye akakasirika! Eti namfanya mnyama.

"Sikiliza wewe, mimi nina utu! Kipini alitaka tubebe zote tatu. Mimi ndiye nilimkatalia. Niliona imeandikwa MAMA, nikasema hapana, ya mama mkwe siigusi, na ya harusi yetu ubaki nayo. Nilikuachia kwa heshima yake!"

Mmemsikia?

Kipini, mwenye roho mbaya, alitaka kuiba zote. Angeziiba zote, wangezichomeka pamoja, zingefunguka! Leo sauti ya mama ingekuwa hai mahali fulani, hata kama ni mikononi mwa adui, na mimi ningeenda kumpigia magoti. Aliyeizika ni yule aliyenihurumia.

Nikakata simu. Alitaka nimwambie nini? Ahsante?

Dada zangu, kaka zangu, nisikilizeni. Kuunganisha diski tatu si kuwa na nakala tatu. Ni kitu kimoja, na ukigusa popote kinakufa chote. Weka nakala nyingine kamili, iweke nje ya nyumba, kwa mtu asiyelala kitandani kwako.

Mimi nimeshachelewa.

Juzi mwanangu alikaa mapajani mwa mama, akamshika shingo pale penye kovu.

"Bibi, zamani ulikuwa unaongeaje?"

Mama akatabasamu, akaninyooshea kidole mimi. Yaani, mwonyeshe! Anajua nimemhifadhi. Sijapata ujasiri wa kumwambia.

"Mama, hebu tusikie!" mtoto akadandia.

Nikasema kompyuta mbovu. Mtoto akaanza kulia. Basi nikakohoa, nikajaribu kuuimba mwenyewe ule wimbo, kwa sauti ya mama kama ninavyoikumbuka.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

Sivyo.