Reli Isiyo na Steshoni ya Mwisho

Ilianza na harufu ya makaa ya mawe. Kwa Ngatia walipikia kuni, na garimoshi lake dogo lilikwenda kwa betri za tochi, lakini asubuhi moja mwaka wa 1976 mkewe Wakonyo aliamka akikohoa moshi wa injini za zamani.

Ngatia alikuwa nyapara wa reli miaka ishirini na sita. Alipostaafu, kukaa bure kulimshinda, akajenga reli ya mfano juu ya mlango mkuukuu aliolaza kwenye meza ya sebuleni. Mabehewa aliyakata kutoka kwa makopo, njiti za kiberiti zikawa mataruma ya kulalia reli. Kokoto za kuigiza alizikataa. Mtu wa reli ana majivuno yake. Alizoa za kweli kwenye kona ya reli ya Nanyuki, chini ya shamba lake, akazitwanga zikawa punje. Hapo ndipo injini ilipopinduka na kumuua dereva Moffat, na Mgikuyu yeyote anajua kitu cha mahali pa kifo hakiingizwi nyumbani bila kutakaswa. Ngatia alijua pia, ila aliyaita mambo ya wazee. Na kwa kuwa mlango ulikuwa mdogo, reli aliikunja ikawa duara.

Kwenye maonyesho ya kilimo mjini Nyeri watu walisukumana kuiona, akapewa kikombe. Siku aliyoirudisha nyumbani, garimoshi lilianza kuzunguka.

“Baba Wachuka, zima hiyo kitu,” Wakonyo alinong'ona.

“Nilitoa betri jana.”

Kesho yake Wakonyo naye alianza kuizunguka meza, sahani mkononi, akidhani anatafuta chumvi. Kisha akatoka nje akaizunguka nyumba, kiganja kikiburuta ukutani, mchana kutwa, viatu vikamvuka na nyayo zikachubuka, na Ngatia alipomkumbatia kiunoni kumzuia alikokotwa naye hadi magoti yakatoka damu.

“Siwezi kusimama,” alisema akilia. “Natafuta steshoni. Haiko.”

Ngatia alimpenda mke huyu, na aliogopa kumpoteza. Alimwita mganga Kahiga kutoka Endarasha, akampitisha nyuma ya boma watu wa kanisa wasimwone. Wakonyo akiwa bado nje anazunguka, Kahiga alimwambia Ngatia peke yake.

“Ni Moffat. Rudisha mawe yake leo, na ukate hiyo reli kabla hujatoka hapa. Kama haina mwisho, lazima iwe na mtu wa kuizunguka.”

Ngatia aliitikia, na mganga akaenda zake. Lakini Jumamosi alikuwa amealikwa Nanyuki kuionyesha reli ile hotelini. Aliushika msumeno, akauweka chini. Ataikata Jumapili, alijiambia, akakwangua kokoto zote kikapuni.

Alizimwaga kwenye kona saa sita mchana. Kutoka pale alimwona Wakonyo kule juu akisimama, akaketi nyasini na kushika miguu yake. Ngatia alilia kwa furaha. Akapanda njia ya nyumbani, akapita mahindi, akapita lango la jirani yake Kihara, akakata kushoto, na mbele yake ilikuwa kona ya reli. Alijicheka, uzee huo. Akapanda tena, mahindi, lango, kushoto, kona. Akakimbia, akaiacha njia na kupenya katikati ya mahindi majani yakimkata uso, akiiona nyumba yake, akiuona moshi wa chai, akimsikia mkewe akimwita, naye akiitika kwa sauti yake yote, na kila alipofika karibu na ua miguu yake ilikanyaga kokoto.

Wakonyo alikinga macho kwa mkono, akatazama moja kwa moja pale alipokuwa mumewe, asimwone, kisha akaingia ndani.

Polisi walimtafuta Ngatia mwezi mzima. Watu wa kanisa walitaka kuichoma reli ile, lakini Wakonyo alikataa katakata. Tangu mumewe apotee, garimoshi limetulia na moshi umekwisha, na ndiyo kumbukumbu pekee ya mikono yake. Kila Jumapili huipangusa vumbi, na reli ilipolegea hupakaza gundi, duara lisikatike.