Rimu za Levi

Soko la Marikiti asubuhi ya Jumamosi halina nafasi ya kupitisha hata kapu, lakini Menza, karani wa bandarini, alijipitisha na baiskeli yake ya mashindano. Mkokoteni wa ndizi ukamkunjia gurudumu la mbele. Alikuwa amesimama pale, shati jeupe limeloa jasho, msichana mmoja mwenye gauni la zambarau na leso mabegani akachuchumaa, akatoa ufunguo mdogo mkobani na kukaza spoku moja moja mpaka gurudumu likanyooka. Ndivyo alivyomjua Kache, aliyerithi karakana ya babake kule Kibokoni.

Miezi saba wakapendana hasa. Kila saa nne simu ya ofisini ililia, na wenzake Menza hawakuuliza tena ni ya nani. Wakakubaliana kwamba mashindano ya baiskeli ya Julai yakipita, wazee wa Menza watakwenda kwa mamake Kache na posa.

Sasa tazama wivu unavyomfanya mtu. Siku nne kabla ya mashindano Menza aliingia karakanani, akamkuta Levi, mshindani wake, pande la mtu wa reli, amekaa kitako anacheka na Kache kama aliyezaliwa humo. Kache alikuwa akimsukia magurudumu ya rimu nyeusi, pete zinazoshika tairi, kina chake vidole vinne, zile zinazopasua upepo zikivuma. Ukutani zilining'inia za Menza: kina cha vidole viwili tu.

Akauliza mbona zake ni hizo.

"Wewe mwepesi, mpenzi wangu," Kache akasema. "Rimu ya kina ina ubavu mpana. Upepo wa bahari ukiipiga pale daraja la Nyali, utakupeperusha nayo. Levi ana kilo tisini."

Maneno ya kweli kabisa, lakini nani ayasikie? Menza alikwisha kuhesabu vidole vya Levi na vidole vyake, akapima na mapenzi humo humo.

"Basi mwambie Levi alete posa," akasema, akatoka.

Ijumaa simu ilipolia, alimwomba mwenzake aseme hayupo. Jioni akawaambia wazee wake wasiende popote, kisha akaenda Tudor kuazima magurudumu ya kina kwa rafiki yake. Roho ilimuuma, na kwa kuwa ilimuuma akazidi ukaidi.

Jumapili upepo ulikuwa mkali. Walipoingia darajani Menza alikuwa mbele, usukani unamtetemeka mikononi, mara akamwona Levi anakuja upande wa bahari, bega kwa bega, kimya. Huyu amenichukulia mtu, akawaza, sasa ataka na ushindi. Akasimama juu ya pedeli akachomoka. Hakufika mbali. Upepo ulilikamata gurudumu la mbele, likageuka, akabwagwa kwenye vyuma vya daraja na mtulinga, ule mfupa wa bega juu ya kifua, ukavunjika.

Levi aliacha mashindano akashuka kumwinua.

"Wanikimbia nini, bwana? Nilikuwa nakukinga upepo. Kache hakutaka pesa yangu kwa magurudumu haya. Alitaka nikuvushe darajani, kwenda na kurudi. Mimi na rimu zangu hizi tungekuwa ukuta wako."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?"

Menza akalia, na si kwa mtulinga.

Jumanne alikwenda Kibokoni, mkono umefungwa shingoni. Kache alimwacha amalize kuomba radhi yote, naye anakaza spoku zake, macho hainui. Menza akauliza kama wazee wake bado wanaweza kuja.

"Waje," Kache akasema. "Lakini nawe uje nao, useme mbele ya mama kwamba ulinidhania ubaya. Umenitia aibu kwa mdomo wako, nitoe kwa mdomo wako."

Muoaji kukaa kwenye posa yake mwenyewe, na kujishtaki juu yake! Wazee walikaribia kugoma. Menza alikwenda. Alikaa mkekani, kanzu imepigwa pasi, akasema yote bila kujitetea, na jasho likamtiririka mbele ya watu.

Mamake Kache akauliza, "Na huo wivu, mwanangu, umekwisha?"

Wazee wake wakamkodolea macho aseme umekwisha.

"Haujakwisha, mama," Menza akasema. "Ila sasa nitauliza kwanza."

Kutoka nyuma ya pazia Kache akamwambia mamake aipokee posa.