Datsun Iliyokatwa Pumzi Njia ya Mlimba

Gari lilizima likiwa kwenye spidi mia moja na kumi.

Halikukohoa. Halikutoa moshi. Lilinyamaza tu.

Kandida Lyandama aliliacha lijiburuze hadi kando ya barabara ya vumbi, mbele kidogo ya Idete. Huko mbele, Land Cruiser nyeupe ikapotelea ndani ya vumbi lake yenyewe.

"Petroli imeisha?" aliuliza Mzee Ildefonce kutoka kiti cha pembeni.

"Ipo nusu tenki, baba."

Saa tano asubuhi treni ingepita Mlimba kupandisha Makambako. Ndani ya ile Land Cruiser, akiiwahi treni hiyo, alikuwamo Fridolin, tarishi wa wauza pembe za ndovu, na kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha. Kwenye kadi kulikuwa na majina kumi na moja: wakulima, wafugaji na wavuvi wa bonde la Kilombero waliokuwa wakiinong'oneza idara ya wanyamapori, alikofanya kazi Kandida, njia za majangili. Kadi ilikuwa na kufuli la siri, na mashine ya kuifungua ilikuwa Makambako, kwa mgeni mmoja aliyekwisha kuilipia. Ikimfikia, watu kumi na moja watazikwa kabla mpunga haujakomaa.

Jina la nne lilikuwa Ildefonce, fundi baiskeli, Ifakara.

Mwenyewe ndiye aliyekuwa ameketi pale, kofia magotini, sanduku la vifaa miguuni. Alikataa kubaki nyumbani. Kama ni kuuawa, alisema, heri amwone anayekuja.

Kandida akainua boneti. Datsun 240Z ya mwaka sabini na mbili, silinda sita, kabureta mbili, mnyama wa mashindano ya zamani. Magari mapya ya idara yalikuwepo, lakini yote yalifungwa vifaa vya kufuatiliwa, na majina yale yalivuja idarani humo humo. Nani kayauza, hakuna aliyejua.

Akagusa pampu ya petroli. Inaunguza. Akaifunika kitambaa, akakimwagia maji, akangoja.

Ufunguo. Mngurumo.

"Joto," alisema. "Petroli ilikuwa inachemka kwenye mpira."

Simu ya setilaiti ikalia. Thuraya. Ilikuwa sauti ya mkuu wake, kutoka Dar.

"Nyuki, hapa Mnara. Uko wapi?"

"Barabarani."

"Acha kumfuata. Rudi Ifakara usubiri maelekezo."

"Amri ya nani?"

"Yangu."

"Nimeisikia." Akakanyaga mafuta.

Dakika ishirini baadaye, wakiwa wameshaipita Mbingu, gari likazima tena.

Vile vile. Kimya.

"Baiskeli ingekuwa imeshafika," alisema Mzee Ildefonce.

Kandida alishuka, akainua boneti. Aliliangalia lile gari kama mtu anayemhoji mfungwa. Joto haliji kwa saa. Upepo ulikuwa unapuliza, na pampu safari hii ilikuwa vuguvugu tu. Basi si joto. Mara ya kwanza halikuponywa na maji. Lilipona kwa kungoja.

"Baba, nishikie waya huu karibu na chuma. Hapo kwenye mpira."

"Nikifa kwa shoti, wale wa Makambako watanidai nini?"

Akazungusha ufunguo. Cheche ya bluu ikaruka. Moto upo.

Akafungua bakuli la kabureta. Kavu. Chujio safi. Pampu nzima. Nusu tenki ya petroli, na hata tone halifiki mbele.

Akaenda nyuma ya gari. Akashika kifuniko cha tenki, akakizungusha.

Tenki likavuta hewa kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Akakigeuza kifuniko. Ndani yake palibandikwa kiraka cheusi cha mpira wa baiskeli, kingo zimepigwa msasa, solusheni imepakwa kwa adabu kabisa.

"Baba, hii ni kazi ya nani?"

Mzee akajinyoosha. "Yangu. Asubuhi, ulipokuwa unakunywa chai. Nikaona kifuniko kimetoboka, nikasema mtoto wa watu ataingiza vumbi kwenye tenki." Akaongeza, "Nimekijaribu kwenye karai la maji. Hakitoi hata povu."

Miaka arobaini ya kuziba pancha chini ya mwavuli wake, kwenye mji ambao hata jogoo wa kuchinjwa hupanda baiskeli. Tundu likionekana, linazibwa. Huulizwi, wala huombwi shukrani.

"Galoni ya mafuta ya kula," alisema Kandida taratibu, "ukiitoboa tundu moja tu, yanatoka?"

"Yanagoma. Lazima utoboe na la pili, hewa iingie."

"Enhe."

Mzee akakitazama kifuniko. Kisha akaitazama barabara.

"Nimejiua kwa kiraka," alisema.

"Hujafa bado. Panda."

Akakibandua kwa kisu, akapuliza kile kitundu, akafunga.

Datsun ikaamka. Sasa ilipumua.

Mngeta ikapita. Mchombe ikapita. Mia na thelathini. Mia na arobaini kwenye vumbi, mkia unacheza. Mzee alishika rozari mkono mmoja na sanduku la vifaa mkono wa pili.

Wakaikuta Land Cruiser baada ya Chita.

Fridolin akashusha kioo. Bastola ikatangulia, uso ukafuata.

"Mama, hilo gari la maonyesho litakufia!"

"Limeshakufa mara mbili leo," alisema Kandida, akampita.

Risasi ikavunja taa ya nyuma.

Mbele kulikuwa na daraja jembamba. Akavuta breki ya mkono. Datsun ikageuka, ikalala upande kwa upande, ikaziba njia yote. Fridolin akakata kona. Tani mbili na nusu za Land Cruiser zikatumbukia kwenye jaruba la mpunga, zikakaa, zikaanza kuzama.

Fridolin alitoka na tope hadi mapajani. Bastola yake ilijaa matope. Beretta ya Kandida ilikuwa safi.

"Mfuko wa shati," alisema Kandida. "Polepole."

Akaichukua kadi, akamfunga mikono kwenye bampa. Polisi wa Mlimba walikuwa njiani. Mbali, treni ikapiga honi, ikaondoka.

Thuraya ikalia.

"Nyuki. Kadi unayo?"

"Ninayo."

"Usiiguse. Ilete kwangu mkononi. Hiyo ni amri."

Kandida akamgeukia mzee. "Jina lako limo humu, baba. Huko inakotakiwa kurudi ndiko ilikotoka. Unasemaje?"

Mzee Ildefonce aliipokea. Alitoa koleo kwenye sanduku lake, akaikata kadi vipande viwili, vinne, vinane, akavikanyagia ndani ya tope.

"Nyuki? Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Utafukuzwa kazi, Kandida. Unanisikia?"

Aliichomeka simu kwenye tuta la jaruba, antena juu, akarudi kwenye gari bila haraka.

Mkuu alirudia amri mara tatu. Alikuwa anauamuru mpunga.