Sifuri Saba

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imetoka mpaka barazani, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Fundi cherehani alikuwa wa nne, karatasi za leseni mkononi, aliposikia nguo ikichanika. Sauti hiyo sikio lake halikosei. Mwanamke wa mbele yake, aliyekumbatia mafaili kifuani, alikuwa amenasa pindo la sketi kwenye msumari wa kaunta.

"Usigeuke," fundi akamnong'oneza. "Ukigeuka, watu wote watapata habari."

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, inapokaa siku zote na uzi wake, akapiga goti na kushona papo hapo. Sketi ilikuwa ya kijani iliyoiva, kitambaa cha maana kilichoshonwa na mtu asiyekijali, na hakusita kumwambia hivyo. Mwanamke alicheka mpaka mafaili yakamponyoka.

Akamtaka amshonee gauni. Fundi akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Safari ya tatu mwanamke alikuwa keshambatiza Fundi Kesho, naye akamwita Bi Faili, na gauni halikuwa tena na haraka kwa yeyote kati yao.

Fundi alikuwa amefiwa na mke miaka minne iliyopita. Alimweleza Bi Faili kwamba ana binti wa miaka saba, anamwita Kifungo, anakaa kwa bibi yake karibu na shule na huja dukani kila Jumamosi. Bi Faili alisema anafanya kazi ofisi ya elimu, anashughulika na karatasi. Hakuongeza neno. Watu wakijua kazi yake, alikuja kueleza baadaye, huanza kuongea naye kama wako kwenye usaili. Jumamosi zake alizitumia kumuuguza mama yake, kwa hiyo yeye na Kifungo hawakuwahi kukutana pale dukani.

Simu zilipigwa kila adhuhuri.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Gauni langu?"

"Kesho."

"Wewe mwanaume, ipo siku utaniambia utanipenda kesho."

"Hilo nilishalimaliza zamani. Njoo ulichukue leo."

Walikuwa na mwezi wa pili wa raha hizo pale mama yake fundi alipoingia dukani na barua ya shule, macho yamemvimba. Kifungo alikuwa amepimwa akili. Mwalimu wake alimpeleka kwa sababu ni mkimya mno darasani. Alama zilikuwa sabini na moja, chini ya mstari, na likizo ikiisha angehamishiwa shule maalumu upande wa pili wa mji. Fundi alisoma mpaka chini, penye jina na saini ya mpimaji. Jina hilo alilijua: lilikuwa jina halisi la Bi Faili.

Bi Faili alipofika alionyeshwa barua tu, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba watoto huletwa kwake kwa namba, asije akampendelea yeyote. Kifungo alikuwa namba kumi na saba, na mlezi aliyeandikwa ni bibi yake.

"Ulikaa na mwanangu saa nzima, ukaona ni mpumbavu," fundi alisema.

"Sikuandika hivyo."

"Uliandika sabini na moja. Mimi napima watu mwaka wa kumi na tano huu. Mtu akitoka hapa na namba, hiyo namba ni ya kiuno chake, si yake yeye."

Bi Faili hakukubali kazi yake itukanwe. Alimsimulia juu ya mtoto wa mwaka jana, aliyechapwa kila siku kwa uvivu. Kipimo hicho hicho, cha maumbo bila maneno, kilionyesha kwamba ana akili kuliko darasa zima, ila hasikii. "Bila kile kipimo angekuwa anachapwa mpaka leo," alisema. Fundi alijibu kwamba anamfurahia mtoto huyo, na kwamba gauni atafute fundi mwingine.

Wiki mbili zikapita simu ikiwa kimya. Fundi alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, kosa ambalo hata mwanafunzi wake wa kwanza hakulifanya. Alimkumbuka yule mwanamke vibaya, na hasira haikusaidia. Lakini lililomuumiza zaidi ni jingine. Jumamosi, wakila na binti yake, alijikuta akimuuliza saba jumlisha nane, kisha tisa jumlisha sita, na akimtazama usoni akingoja akosee. Kifungo alijibu yote sawasawa, kisha akaacha kula. Fundi aliona haya mbele ya mwanawe mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Bi Faili, mama yake akiwa amemwachia jirani, alitokea mlangoni bila kupiga simu. Alivaa gauni la kijivu lililomzidi mwili, kilemba kimefungwa ovyo. Alikuja kuomba radhi, lakini alichokiona mezani kilimsimamisha. Kifungo alikuwa mezani na chaki, akipanga karatasi za mkato, zile zinazofuatwa na mkasi, juu ya kitambaa cheupe cha sare.

"Shikamoo," mtoto akasema. "Wewe ndiye wa vile vipande."

"Marahaba." Bi Faili alisogea. "Mbona karatasi unaigeuza?"

"Tunakata kwa nyuma," Kifungo alimweleza, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Ukionyeshwa mbele, unafanya kwa nyuma, kulia kunakuwa kushoto. Ukivaa ndiyo inakuwa sawa. Baba amenifundisha."

"Na vipande vyangu vyekundu na vyeupe, nilipokuambia uvipange kama picha, ulivipangaje?"

"Hivyo hivyo."

Bi Faili alishika ukingo wa meza. "Picha saba," alimwambia fundi. "Zote amezigeuza kulia kushoto, hakukosea hata moja. Lakini umbo lililogeuzwa ni sifuri, ndiyo kanuni. Nikaandika sifuri, nikavuruga vipande, nikampa picha nyingine. Fomu haina mahali pa kuandika mtoto amekoseaje, na mimi sikujiuliza."

"Basi mpime tena."

"Hairuhusiwi mpaka miaka miwili. Labda kile cha kwanza kifutwe."

"Kinafutwaje?"

Bi Faili alichukua mkoba akaondoka, na fundi akaamini kwamba amekimbia aibu yake.

Jumatano mwalimu mkuu wa shule ya Kifungo alimwita fundi ofisini, akamsomea barua ya Bi Faili.

"Nilimpima mtoto namba kumi na saba nikiwa katika mapenzi na baba yake. Sikujua ni mtoto wake, lakini kanuni haiulizi kama nilijua. Ninampenda mpaka leo. Naomba kipimo changu kifutwe, mtoto apimwe na mtu mwingine."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Alisema barua ya namna hiyo hajawahi kuiona kwenye faili. Baba akithibitisha kwa saini, mtoto atabaki darasani kwake mpaka apimwe upya, na mpimaji ataondolewa kazini. Asiposaini, barua haina nguvu, mpimaji ataendelea na kazi, na mtoto atahama.

Fundi aliomba dakika moja. Akasimama nje ya mlango, akapiga simu.

"Saini," Bi Faili alisema kabla hajaulizwa.

"Na kazi yako?"

"Nawaza watoto kama yule asiyesikia," alisema. "Sijui nani atawaona. Saini, mpenzi. Lakini usije kwangu kwa kunihurumia. Hilo sitalistahimili." Akakata simu.

Fundi alirudi ndani, akaandika tarehe kwenye fomu ya uthibitisho, akasaini. Chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi: uhusiano na mpimaji kwa sasa. Akaandika: mchumba wangu.

Mwalimu mkuu alisoma, akamtazama. "Mwenyewe ana habari?"

"Bado. Ndiyo nakwenda kumwambia."

Alipofika mlangoni alimsikia mwalimu mkuu akiinua simu na kuiomba ofisi ya elimu itafute mpimaji mwingine.